Chumba Kisichoitika Jina

Tulipowaacha Jedidah na Bharti wiki jana midomo yao ilikuwa wazi, na hawakuwa wakipiga miayo.

Yule mzee wa Kizungu anayewatembeza wageni ndani ya Jumba la Thornbeck, huko juu ya kilima kaskazini mwa London, yule mrefu mwenye tai iliyochakaa, aligeuka ghafla katikati ya ukumbi wa picha. Akawatazama. Akafungua kinywa. Kikatoka Kiswahili cha Unguja mjini, kimechekechwa, hakina hata chembe ya mchanga:

"Bibi zangu, mtu akitaka kupanda ghorofa za watu kwa siri, hapangi kwa sauti ya mnadani."

Hebu jiweke pale wewe. Tangu langoni walikuwa wakisema lugha yao kwa raha zao, kama sote tunavyofanya tukiwa ugenini. Umekaa ndani ya basi la Wazungu, unamsengenya mwenye pua ndefu mbele ya hiyo pua yake, naye anakutabasamia. Unadhani London nzima ni ukuta usio na masikio. Kumbe ukuta mmoja ulikuwa na masikio, na tai.

Bharti ndiye aliyekuwa na hali mbaya zaidi, maana ndiye aliyesema mengi.

"Umesikia... yote?"

"Yote. Korongo aliyevaa tai, ni mimi. Meno ya kuazima, ni yangu. Na aliyesema nikikohoa tena nitaiacha roho juu ya zulia la watu, nadhani ni wewe, bibi mwenye sari."

Siku nyingine Jedidah angecheka mpaka akae chini. Siku hiyo hakucheka. Alikuwa ameubana mkoba wake kifuani kwa mikono miwili, kwa sababu ndani ya mkoba mlikuwa na roho ya mtu.

Kwa yule aliyekosa gazeti wiki jana, sikiliza upesi. Jedidah ni nesi, Mkamba wa Machakos. Wodini kwake aliletwa mama mmoja wa Unguja, jina lake Biubwa, mgonjwa wa sukari, ameokotwa barabarani amezimia. Alipozinduka alimshika nesi mkono, akamnong'oneza, "Mwanangu, usimwambie mtu kama nipo hapa." Akataja jumba lenye simba wawili wa mawe langoni. Akalala. Kesho yake Jedidah alipoingia zamu alikuta kitanda kitupu. Kuna mwanamume kaja, kasema ni jamaa yake, kamchukua. Hakuchukua sindano. Hakuchukua hata kichupa kimoja cha insulini.

Polisi walipiga simu jumbani, wakajibiwa hakuna mtu wa jina hilo, wakaridhika. Mkubwa wa wodi akamwambia Jedidah ashughulike na vitanda vyenye watu.

Aliyemsikiliza ni Bharti peke yake, fundi cherehani wa Queensbury anayemkazia sare zake. Aliposikia jina la Biubwa alijichoma kidole kwa sindano. Biubwa huyo ndiye aliyembeba kiunoni utotoni, uchochoroni kwao Kiponda, mjini Unguja, kabla ya Mapinduzi kuwatawanya, huyu huku na huyu kule. Alidhani amekwisha kufa.

Bila insulini atakufa kweli. Ndiyo maana Jedidah alikuja na dawa mkobani, na ndiyo maana wamelipa kiingilio kama watalii. Sasa wamekamatwa na korongo.

"Utatuitia polisi?" Jedidah akauliza.

Mzee aliwageukia wageni wengine, Wamarekani na kamera zao, akawaambia kwa Kiingereza waingie chumba cha pili watazame jiko la marumaru. Wakaingia kama kondoo. Akawarudia wanawake wetu, sauti ameishusha.

"Biubwa namjua. Nilikuwa Pemba kwenye karafuu, kisha mjini Unguja, mpaka Mapinduzi. Yumo humu ndani."

Bharti akashika ukuta.

"Yu hai?"

"Jana usiku nilisikia mtu anakohoa juu, kule walikokuwa wakilala watumishi zamani. Nimepanda, nimemwita mpaka koo limenikauka. Haitiki. Milango ni mingi, yote imefungwa."

"Kwa nini hukuenda polisi?" Jedidah aliuliza tena, maana nesi huuliza swali moja mpaka apate jibu.

"Mimi ni mzee wa kuonyesha picha, mwanangu. Mwenye nyumba ana jina kubwa. Kati yetu, polisi watamsikiliza nani?"

Jibu hilo lilimwingia Jedidah kama mkuki, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa ametoka kulionja. Mtu akikutajia kidonda chako, unamwona ni daktari.

Mara taa zikazimika.

Ilikuwa Februari ya mwaka wa sabini na mbili. Wachimba makaa ya mawe walikuwa wamegoma, na umeme ulikatwa kwa zamu, mtaa huu leo na ule kesho. Mchana wa London wakati wa baridi ni mchana wa jina tu. Mapazia mazito, mbao nyeusi ukutani, mababu wa watu wamekutolea macho kutoka kwenye fremu. Chumba cha pili Mmarekani mmoja akapiga ukelele.

"Sasa," mzee akasema. "Gizani hakuna atakayewahesabu."

Akabonyeza ukuta. Ukuta ukafunguka.

Ulikuwa mlango uliofichwa ndani ya mbao, na nyuma yake ngazi nyembamba ya watumishi inayopanda kwa kujizungusha. Mzee akawasha tochi, akatangulia.

"Bharti," Jedidah akanong'ona, "huyu mtu mimi simwamini."

"Mie namwamini? Lakini yeye ndiye mwenye ngazi."

"Wacha basi tuongee Kikamba."

"Kikamba n'takijulia wapi, mwana wa bara wee? Hicho Kiswahili chako chenyewe tunakuvumilia."

Bharti alipandisha sari yake, akaanza kuguna Kigujarati chini ya pumzi, neno moja kwa kila ngazi. Huko juu gizani sauti ya mzee ikajibu, taratibu kabisa, kwa Kiswahili:

"Hapana, bibi. Sitawasukuma."

Bharti hakuguna tena.

Waliendelea kupanda. Kadiri walivyopanda ndivyo baridi ilivyozidi, na harufu ya nta ya sakafu ikageuka harufu ya vumbi na panya. Jedidah aliomba kimoyomoyo Zaburi zote alizofundishwa na mama yake, akazichanganya, akaanza upya. Kwenye kituo cha pili cha ngazi aligeuza uso na kukutana ana kwa ana na chui.

Chui alikuwa amesimama juu ya kabati, mdomo wazi, macho yanawaka.

"Amekufa zamani," mzee akasema, akimulika macho ya kioo. "Alipigwa Unguja, msitu wa Jozani. Wa kwetu huyo."

"Kwetu nani?" Bharti akamuuliza kwa ukali uliokuwa hofu tupu.

Mzee akatabasamu, akaendelea kupanda.

Wakatokea juu kabisa. Ukanda mrefu, dari limeinama, dirisha moja dogo mwishoni limejaa ukungu. Milango kushoto, milango kulia, yote imepakwa rangi moja ya maziwa yaliyoganda. Hakuna namba. Hakuna jina. Upepo ulipita chini ya milango hiyo ukilia kama mtoto mwenye njaa.

"Mwiteni," mzee akasema.

Jedidah akajikaza. "Biubwa! Mama Biubwa! Biubwa!"

Jina likaenda mpaka mwisho wa ukanda, likarudi peke yake.

"Biubwaaa!"

Kimya. Lakini kuna kimya cha nyumba isiyo na mtu, na kuna kimya cha mtu aliyezuia pumzi. Jedidah amekesha na wagonjwa, anavijua vyote viwili.

Bharti akampiga kibao cha bega.

"Ndivyo mnavyofundishwa huko kwenu? Unasimama kwenye nyumba ya watu, gizani, unaliita jina la mtu kama unanadi samaki?"

"Sasa nimwite namna gani? Kwa barua?"

"Mtu wa Unguja hamwitikii asiyemwona! Sisi tumekatazwa tangu tunatambaa. Ukisikia jina lako na humwoni anayekuita, nyamaza kimya, maana huyo huenda si mtu. Mwite mpaka kesho, atakufa humo ndani na jibu lake mdomoni."

Mzee alikuwa akimsikiliza Bharti kwa makini sana.

"Haya, wewe mjuzi," Jedidah akasema, "tufanye nini?"

"Piga hodi, mwanakwetu. Jina unaweza kulinyamazia. Hodi huwezi. Hata ukiwa umejificha chini ya kitanda ulimi unaitika kabla hujaushika."

Akajitengeneza sari kama anayekwenda kumtazama mzazi. Akasogea mlango wa kwanza, akagonga kwa kifundo cha kidole.

"Hodi! Hodi humu!"

Hakuna kitu. Mlango wa pili, hakuna. Wa upande wa pili, panya akakimbia. Bharti aliendelea, mlango kwa mlango, na sauti yake ikabadilika njiani. Haikuwa tena ya fundi wa Queensbury anayegombana na wateja. Ilikuwa sauti ya kitoto, ya uchochoro wa Kiponda, ya mtu aliyetumwa jirani akaombe pilipili.

"Hodi, wenyewe! Hodiii!"

"Karibu..."

Wote watatu wakaganda.

Ilitoka mlango wa karibu na dirisha. Sauti nyembamba, kavu, kama karatasi inayokunjwa. Kisha, kama aliyegutuka kwamba amekwisha kuitika, ikauliza kwa hofu, "Nani mwenzangu?"

Bharti akaziba mdomo kwa ncha ya sari. Machozi yalikuwa yanamtoka.

Mzee naye akafanya jambo la ajabu. Alizima tochi, akarudi nyuma kwa vidole vya miguu, akanong'ona, "Mimi mwanamume. Bibi wa watu huenda hana hata kanga mwilini. Nitajitenga kwenye kona ile."

"Kumbe una adabu, mzee," Bharti akamwambia, akipangusa pua.

"Nimefunzwa Unguja," mzee akasema, na giza likammeza.

Jedidah akabandika mdomo kwenye mlango. "Mama Biubwa, ni mimi. Nesi wako. Yule wa bara uliyecheka Kiswahili chake."

"Nesi? Umefikaje huku?"

"Nimekuletea dawa. Fungua."

"Mko wangapi?"

Jedidah alisita. Bharti hakusita. "Wanawake watupu, dada! Fungua, tunakufa kwa baridi."

Wakasikia miguu ikiburutwa. Wakasikia chuma kikisugua chuma. Hapo Jedidah akahisi kitu cha baridi kikimtambaa uti wa mgongo, na hakikuwa upepo.

Kikomeo kilikuwa kikifunguliwa kwa ndani.

Fikiri kidogo nawe. Mfungwa gani hujifungia mwenyewe? Jedidah alifikiri, akafungua mdomo aseme, "Ngoja." Mlango ukamtangulia.

Biubwa alikuwa amebaki fremu ya mtu. Shuka amejitanda kama kanga, midomo imepasuka, macho yamedidimia. Alipiga hatua moja, miguu ikamkataa, wakamdaka wakamlaza kwenye kitanda cha chuma. Jedidah akainamia uso wake. Pumzi zilikuwa za haraka, na zilinuka kama matunda yaliyoiva yakapita kiasi. Nesi anayeijua harufu hiyo hakai chini.

"Bharti, ile jagi ya maji hapo kando ya kitanda. Mnyweshe kidogo kidogo." Akafungua mkoba, akatoa kichupa, akavuta dawa kwenye sindano. "Mama, nani kakufungia humu?"

"Nimejifungia mwenyewe."

"Unamwogopa mwenye nyumba?"

"Bi mkubwa anayekaa nyumba hii ndiye aliyenificha!" Biubwa alisema akihema, neno na pumzi, neno na pumzi. "Alikuwa akiniletea chakula, akiniletea na dawa. Juzi kaka yake kamchukua, kampeleka kwenye nyumba ya wazee huko pwani, kwa nguvu. Tangu hapo sijamwona mtu."

"Kaka yake gani?"

"Yule yule aliyenitoa hospitali. Niliruka garini kwenye taa nyekundu nikarudi huku kwa Bi mkubwa. Sasa ananitafuta. Kila siku anapita ukandani ananiita, ananiita..."

Jedidah aliuliza swali la mwisho akiwa tayari analijua jibu, kama unavyofungua mlango wa chumba ambamo umekwisha kusikia nyoka.

"Yukoje, mama?"

"Mrefu. Na akisema Kiswahili, ukifumba macho, utasema mtoto wa Malindi ya Unguja."

Bharti aligeuka. Jagi likamponyoka, likavunjika.

Mzee alikuwa amekwisha kuingia. Alisimama kwenye kizingiti, mikono nyuma, mgongo umenyooka kuliko wakati wote alipokuwa akiwaonyesha picha za mababu. Mababu zake mwenyewe, kumbe. Tai ilikuwa ile ile iliyochakaa, lakini sasa ilionekana ni tai ya mtu ambaye hajali kuivaa mpya.

"Kona ile ina baridi," akasema.

Biubwa hakupiga kelele. Alijikunja ukutani, akalia bila sauti. Hilo lilimtisha Jedidah kuliko kelele.

"Mwanaharamu!" Bharti akafoka. "Mbwa mwenye adabu! Umetutumia!"

"Sana," mzee akakubali. "Ningevunja mlango upi? Wageni chini, watumishi chini, na milango yote hii ni mvule. Nilihitaji aitike. Kiswahili ninacho, bibi, lakini sikuwa na sauti ya kupigia hodi."

"Unamtakia nini mwanamke wa watu?" Jedidah alisimama kati yake na kitanda. Alikuwa mfupi, mzee akamtazama kwa juu kama anavyotazamwa mtoto aliyesimama mbele ya lori.

"Neno moja tu. Marehemu ndugu yangu alikuwa na binti mmoja, na Biubwa alikuwa yaya wake huko Unguja. Mwaka ule wa Mapinduzi, mji umevurugika, ndugu yangu na mkewe wakafa kwa ajali ya gari. Biubwa akatoweka na mtoto. Mtoto yule ndiye mwenye jumba hili, tangu mawe ya simba mpaka vigae. Nataka kujua yuko wapi."

"Ajali!" Biubwa akatema neno hilo kama kokwa chungu. "Mwulizeni nani aliyekuwa chini ya gari ile asubuhi yake, na spana mkononi! Mwulizeni niliona nini!"

Mzee akairekebisha tai yake.

"Hata Bi mkubwa sikumwambia mtoto aliko," Biubwa akaendelea, akimwangalia Jedidah peke yake. "Nilikuja kumwambia yu hai, basi. Aliko ninajua mimi na niliyempa. Nikisema, mtoto hafiki kesho."

Nawe sasa unaelewa, msomaji, kwa nini mama huyu alikuwa radhi kufa bila dawa nyuma ya kikomeo.

"Anachanganyikiwa kwa ugonjwa," mzee akasema kwa upole. "Mchome, nesi. Upesi. Maiti hasemi, na mimi namtaka akiwa na ulimi."

Jedidah akaitazama sindano mkononi mwake. Kwa siku nyingi aliomba apate kufika hapa nayo. Amefika.

Biubwa akauvuta mkono wake ndani ya shuka.

"Usinichome, mwanangu. Niache nife na langu."

"Mama..."

"Ukinitibu, utakuwa umemtibia yeye."

"Usimchome!" Bharti akasema. Halafu, "Mchome, Jedidah, anakufa huyu!" Halafu akakaa sakafuni kwenye maji na vigae vya jagi, kichwa mikononi. "Sijui! Mie sijui!"

Mzee alisubiri. Alikuwa na subira ya mtu ambaye kila njia inamfikisha anakotaka. Upepo ulilia chini ya mlango. Huko chini, mbali, wageni walikuwa wakiitana gizani na kucheka, kama watu walio kwenye dunia nyingine.

"Bwana," Jedidah akasema mwishowe, na sauti yake ilikuwa ndogo, "mimi ni nesi. Mtu akifa mbele yangu na dawa ninayo, huyo nimemuua mimi. Wewe utasubiri zamu yako." Akapiga magoti. Akaongea sikioni mwa Biubwa kwa kile Kiswahili chake cha bara kinachochekwa. "Mama, ukikufa leo, siri inabaki na huyo mwingine peke yake, na hatakuwa na mtu wa kumwonya. Ishi. Ukiishi unaweza kunyamaza. Umenyamaza miaka yote hii. Nyamaza tena."

Biubwa alimtazama muda mrefu. Kisha akautoa mkono shukani.

Sindano ikaingia.

"Vizuri," mzee akasema.

"Si vizuri," Jedidah akamjibu bila kugeuka. "Hii peke yake haitoshi. Anahitaji maji ya mshipa, anahitaji hospitali, sasa hivi. Dawa haifanyi kazi kama taa, eti unawasha. Ukimuuliza chochote saa hii, ni ugonjwa utakaokujibu."

Alisema kweli, maskini, kuliko alivyojua.

Kwa sababu Biubwa alikuwa ameanza kuelea. Macho yalizunguka dari, yakashuka ukutani, yakapita juu ya mzee kama yanapita juu ya kabati. Yakamfikia Bharti pale sakafuni, sari imelowa, uso umeelekea dirishani kwenye kile kimwanga cha ukungu. Yakasimama.

Uso wa mama huyo ukafunguka. Hakuwa tena London. Yuko Kiponda, barazani, asubuhi, na mtoto wa jirani kapita.

"Bharti? Bharti wa Bi Pushpa?"

"Ndiye mie, Da Biubwa!" Bharti akatambaa mpaka kitandani, akamshika miguu, akilia na kucheka. "Ndiye mie!"

"Mkubwa hivi! Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo, dada."

"Mama hajambo?"

"Hajambo. Magoti tu."

"Baba je?"

"Baba hayupo, dada, tulishamchoma. Mwaka wa tatu huu."

"Lo! Poleni. Na wote nyumbani wazima?"

"Wazima."

Jedidah alikuwa akimpima mapigo ya mkono. Alitaka kuwaambia waache maneno, mgonjwa apumzike. Lakini nani amewahi kuwakata watu wawili wa pwani katikati ya salamu? Hata mzee hakuwakata. Alikuwa ametulia kizingitini, kichwa amekiinamisha kidogo, kama mtu anayesikiliza muziki alioupenda ujanani.

"Na mtoto wetu," Biubwa akauliza, akitabasamu na macho yamefumba, "hajambo?"

"Hajambo," Bharti akajibu, kama unavyojibu wewe, kama ninavyojibu mimi, bila kuinua kichwa. "Yuko skuli saa hizi."

Ndipo akasikia alichosema.

Mtoto wetu. Mdogo wake, Kalpana. Kalpana aliyeletwa nyumbani na mama yao asubuhi moja mwaka wa Mapinduzi, amefungwa ndani ya kanga, eti ni yatima wa mama mdogo wa Pemba. Kalpana ambaye mama humpaka nywele rangi nyeusi kila mwezi na mlango umefungwa, na ukiuliza kwa nini unapigwa mwiko. Kalpana mwenye macho ya kijivu.

Bharti aliinua uso taratibu. Jedidah alikuwa ameuachia mkono wa mgonjwa. Biubwa alikuwa amefumbua macho yote mawili, akili imemrudia kwa nukta hiyo moja, ya kuona alichofanya, na vidole vyake vilikuwa vinapapasa midomo yake mwenyewe kama anayetaka kulirudisha neno ndani.

Mzee akatoa saa yake mfukoni, akaitazama. Akairudisha. Kisha akainama mbele ya Bharti, kwa adabu ile ile aliyofunzwa Unguja.

"Skuli gani, bibi?"